Kabla Hujahamisha DVD Hiyo Kwenye CD

Kwa miaka saba nilikuwa na chumba cha kompyuta Langoni, hapa Lamu, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Kazi iliyonilipia kodi ilikuwa kuchoma diski, yaani kunakili video kwenye diski tupu. Vijana walileta filamu za Kihindi na za mapigano. Wanawake walileta video za kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake peke yao, na waliniletea mimi kwa sababu ni mwanamke mwenzao. Walijua kwamba bi harusi na wageni waliovua mabuibui hawataangaliwa na wasiohusika. Chumba nilishakifunga, lakini watu bado wananiuliza: kuhamisha filamu ya DVD kwenye CD, inafaa? Nitajibu kwa niliyoyafanya, likiwemo moja ninalolijutia mpaka leo.

Nianze na ufundi, maana wengi hulipa pesa bila kujua wanalipia nini. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, na ya tabaka mbili 8.5. CD hubeba megabaiti 700 tu. Kwa hiyo filamu haihamishwi, inakamuliwa. Deki kuukuu husoma VCD, yaani CD ya video, na ukitengeneza VCD picha ya nukta 720 kwa 576 hushuka hadi 352 kwa 288. Nyuso za watu wa mbali hugeuka vivuli. Diski moja huchukua kama dakika 80, kwa hiyo filamu ya Kihindi ya karibu saa tatu ni diski tatu, na maandishi ya chini ya picha hayawashwi wala kuzimwa tena. Fundi akikuahidi filamu nzima ndani ya CD moja, huenda anaiweka kwa DivX, mfumo wa kubana video. Angalia kwanza kama deki yako imeandikwa DivX usoni, usije ukafika nyumbani na diski isiyosomeka.

Jambo jingine dogo: usiandike juu ya CD kwa kalamu ya ncha kali. Data ya CD iko chini kidogo tu ya ule upande wa juu wenye rangi, wakati ya DVD imelala katikati ya plastiki mbili. Nimeona CD nyingi zilizouawa na kalamu kuliko zilizokwaruzwa chini. Na usiziache dirishani, jua linaharibu rangi inayoshika data.

Sasa uhalali. Kosa tunalolifanya wengi ni kudhani kwamba ukishanunua diski umenunua filamu. Ulichonunua ni kile kisahani na ruhusa ya kuangalia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaruhusu mtu kuitumia kazi ya mwenzake kwa uadilifu kwa matumizi yake binafsi, na mimi naona nakala moja ya diski uliyoinunua mwenyewe, uliyoitoa ili watoto wasiharibu ile halisi, haimdhulumu mtu. Lakini sheria hiyo hiyo inakataza kuvunja kinga iliyowekwa na mwenye kazi. DVD nyingi za makampuni makubwa zimefungwa kwa kufuli ya kidijitali iitwayo CSS, na programu za kunakili hufanya kazi kwa kuifungua. Hapo ndipo wengi huvuka mpaka bila kujua. Kama diski imefungwa, iache ilivyo, nunua deki ya DVD iliyotumika. Ukikopeshwa diski na jirani ukajitengenezea nakala, utapata tabu kujitetea. Ukiuza, ni kosa la jinai.

Hili la kuuza ndilo linaloniuma. Kulikuwa na kijana wa hapa aliyetengeneza mchezo wa kuchekesha kwa Kiswahili chetu. Alikopa kamera na kuwalisha waigizaji wake kwa mfuko wake, akatembea nyumba kwa nyumba akiuza diski shilingi 200. Siku ya tatu mteja alinijia na nakala moja akitaka kumi. Nilimchomea. Wiki ile ile wengine wakaja, nikawachomea na wao, na mchezo ukawa unauzwa gatini kwa shilingi 50. Yule kijana alipita dukani kwangu kuniuliza kama nimeona watu wakinakili kazi yake. Nilimwambia sijui. Hakutengeneza mchezo wa pili. Alikwenda Mokowe kufanya kazi ya mizigo, na nilipomtafuta baadaye kumlipa nilichopata, alizikataa pesa, akasema, "Dada, ungeniambia siku ile ningekuelewa."

Baadhi yetu huku pwani husema sheria za hakimiliki ni mambo ya serikali tu, dini haina neno. Si kweli. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Kuwait Desemba 1988 likaamua kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivunja. Nililijua hilo nikiwa nimeshachelewa. Ukinunua diski, tafuta stika ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Na ukimjua aliyeitengeneza filamu, mpelekee pesa mkononi.

Video za harusi ni mlango mwingine kabisa. Sheria yetu inasema kazi uliyoiagiza na kuilipia, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwako, isipokuwa mlipatana vingine na mpiga video. Basi hamisha upendavyo, toa nakala kumi ukitaka. Ila nyimbo za taarabu zilizomo ndani ni za wenyewe, kwa hiyo kuangalia nyumbani sawa, kuipandisha intaneti hapana. Na zaidi ya sheria kuna wageni. Wale wanawake walivua mabuibui kwa kuwa waliambiwa ni wanawake peke yao. Mwenye harusi ana haki ya nakala, hana haki ya kuzitawanya sura zao. Usiiache DVD ya kupamba kwa fundi ukarudi jioni. Kaa hapo mpaka amalize.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mkomani alinijia nyumbani na DVD aliyoifunga ndani ya leso, kupamba kwa binti yake. Alitaka kumpelekea dadake aliyeko Faza, kisiwani Pate, ambaye deki yake inasoma CD tu. Nilimwambia picha itafifia, na nikampa pia nakala kamili kwenye flashi kwa ajili ya wajukuu. Tulikaa pamoja, diski ya kwanza, kisha ya pili, akinitajia waliokwisha kutangulia mbele ya haki kila walipopita kwenye kioo. Tulipomaliza nikafuta faili zote mbele yake.

"Na pale penye pipa, mwanangu?" akauliza, akinyooshea kidole kona ya kioo.

Nikalifungua pipa la faili zilizofutwa, tukaliangalia wote wawili, nikalimwaga.