Nyama ya dinosaria? Maswali yenu wiki hii

Tangu niandike kuhusu mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, kule Lindi, simu yangu haijapoa. Wengi mmenitumia klipu ileile inayozunguka WhatsApp: eti imepatikana nyama mbichi ya dinosaria, kwa hiyo mamilioni ya miaka tunayoambiwa na wanasayansi ni uongo. Nimeokota maswali machache yanayowakilisha mengine.

Kaka, hiyo nyama ipo kweli au ni uzushi? (Msomaji, Mbagala)

Nyama hakuna. Kilichopo ni kidogo kuliko nyama, na kwangu kinasisimua zaidi. Mwaka 2005 mwanasayansi Mary Schweitzer na wenzake wa Marekani walitangaza walichokiona ndani ya mfupa wa paja wa dinosaria aitwaye Tyrannosaurus rex kutoka jimbo la Montana, mnyama wa miaka milioni 68 hivi. Mfupa huo ulivunjwa ili uingie kwenye helikopta, ndipo vipande vya ndani vikafika maabara. Wakaloweka kipande kwenye dawa inayoyeyusha madini. Kwa kawaida kisukuku, yaani mabaki ya kale ya kiumbe, ni jiwe, ukikifanyia hivyo kinaisha chote. Hiki hakikuisha. Kilibaki kitu laini, kinavutika na kurudi, na ndani yake vijirija vyembamba vilivyotawanyika kama mishipa ya damu.

Jaribu nyumbani uelewe. Mimi na binti yangu tulichukua mfupa wa paja la kuku, tukausugua ukatakata, tukautia kwenye chupa ya siki nyeupe. Tulibadilisha siki mara moja. Baada ya siku tano tuliutoa, tukaukunja kwa vidole kama mpira, haukuvunjika. Madini yalikuwa yametoka, imebaki kolajeni, ile protini inayoushikilia mfupa.

Mfupa wa ng'ombe ukitupwa jalalani hauchukui miaka mingi unaisha. Protini itakaaje miaka milioni 68? (Fundi, Tabata)

Fundi, hapa ndipo penye uhondo. Mfupa wa jalalani unaliwa na mbwa, mvua, jua na bakteria. Uliofukiwa haraka kwenye mchanga una bahati nyingine. Lakini hata hivyo miaka milioni 68 ni mingi mno, na wanasayansi wenyewe walishtuka.

Mwaka 2008 wengine walipinga wazi: wakasema vile vijirija ni utando ulioachwa na bakteria waliojipenyeza baadaye. Schweitzer hakunyamaza. Mwaka 2009 kundi lake lilileta mfupa wa dinosaria mwingine, Brachylophosaurus wa miaka milioni 80, na vipande vya protini vilivyosomwa. Kisha likajaribu kueleza sababu, na jibu lao ni madini ya chuma yaliyomo kwenye damu. Walichukua mishipa ya damu ya ndege mbuni. Iliyowekwa kwenye maji matupu ilianza kuharibika ndani ya siku chache. Iliyolowekwa kwenye maji ya chembe nyekundu za damu ilikaa miaka miwili kwenye joto la kawaida la chumba, bado inatambulika. Chuma hufungamanisha protini zikakakamaa, kama formalini inavyofanya kwa maiti. Utafiti wa mwaka 2018 uliongeza kwamba protini hizo zinaweza kugeuka kikemia kuwa kitu kigumu ambacho bakteria hawakiwezi.

Mimi naona hoja ya chuma ina nguvu, ila haitoshi peke yake kwa kila mfupa. Mjadala haujafungwa.

Kwa nini wasipime kwa kaboni 14 yaishe? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Temeke. Shikamoo.)

Marahaba. Kaboni 14 ni aina ya kaboni iliyomo mwilini mwa kila kiumbe hai; kiumbe akifa, hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730. Ikipita miaka 50,000 imebaki chini ya asilimia moja ya ile ya mwanzo, na kipimo hakiendi mbali zaidi ya hapo. Sasa piga hesabu: mfupa usio na kaboni 14 hata chembe, ukiingiwa na asilimia moja tu ya kaboni ya leo, utasomeka una miaka kama 38,000. Na kaboni ya leo huingia. Mwaka 2019 watafiti walichunguza mfupa wa dinosaria Centrosaurus wa Kanada wakakuta bakteria hai wanaishi humo.

Basi hiyo milioni 68 imetoka wapi? (Msomaji, Kigamboni)

Kwenye mawe yanayouzunguka mfupa, hasa majivu ya volkano. Potasiamu iliyo ndani ya fuwele hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Jiwe likiwa limeyeyuka gesi inatoroka, likipoa inanaswa, na saa inaanza kuhesabu. Urani inayogeuka kuwa madini ya risasi ni saa nyingine, yenye mwendo wake. Zinapokubaliana, ni vigumu kusema zote zimekosea kwa kiasi kilekile.

Jambo hili si geni kwetu. Fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 na kuhifadhiwa Makumbusho ya Taifa hapahapa Dar, lilipewa umri wa miaka milioni 1.75 kwa saa hiyo ya potasiamu, mwaka 1961. Kwa hiyo ulaini wa kilichomo ndani ya mfupa unatufundisha namna vitu vinavyooza. Saa imo kwenye jiwe.

Mimi ni muumini. Nikikubali haya nimeacha imani? (Mama, Ubungo)

Mama, siwezi kuingia moyoni mwako. Ninachojua ni kwamba Schweitzer mwenyewe ni Mkristo, anakiri hadharani, na hafurahii kazi yake kutumiwa kudai dunia ni changa.

Wataweza kumfufua dinosaria kwa DNA? (Wengi)

Hapana. DNA kongwe iliyokwisha kusomwa, kutoka Greenland, ina miaka kama milioni 2 tu.

Na mjusi wetu, yule dinosaria wa Tendaguru? (Msomaji, Mtoni)

Ana miaka kama milioni 150, zaidi ya maradufu ya yule wa Montana. Amesimama Berlin, urefu wa kwenda juu mita 13 na ushee. Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913, lakini waliochimbua na kubeba kwa mabega hadi bandari ya Lindi ni watu wetu, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyesimuliwa na babu yake safari hizo za mizigo, niandikie. Nazikusanya.