Mwanangu, soma chuma kabla ya karatasi

Mwanangu Salma,

Salamu zako zimefika, na swali pia: huko Ohio kuna mtu anauza Mauser, Gewehr 98, bunduki ya jeshi la Wajerumani, yenye karatasi isemayo ilipigana Tanga mwaka 1914. Juu ya chemba, pale risasi inapokaa, pamechapwa Amberg 1917, yaani kiwanda na mwaka. Unauliza kama uinunue.

Kwa hadithi ya Tanga, usiinunue. Vita vya Tanga, kati ya Waingereza na Wajerumani, vilipiganwa tarehe 3 hadi 5 Novemba 1914, na bunduki hiyo ilikuwa haijatengenezwa. Tena haikufika kabisa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Waingereza walifunga bahari, na meli zilizopenya na silaha ni mbili tu: Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, na Marie, iliyofika ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, Machi 1916. L59, lile puto kubwa lenye injini lililotumwa Novemba 1917, liligeuzwa likiwa juu ya Sudan. Chapa ya mwaka wowote baada ya 1916 inamaliza mjadala.

Shehena ya Rubens iliopolewa majini. Risasi zilifunguliwa, baruti ikakaushwa, lakini fataki, vile vikofia vya kuwashia baruti, zilizokwisha kuingiwa na maji ya chumvi ziligoma kuwaka mara nyingi.

Askari wengi wa Wajerumani pale Tanga walikuwa na Mauser ya 1871: milimita 11, risasi moja kila mara, baruti nyeusi. Kila mlio uliacha wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Ile ndefu ya askari wa miguu itambue kwa chapa I.G.Mod.71, ubavuni kushoto mwa chemba. Chapa hiyo yathibitisha aina tu, kwani zilitengenezwa kwa wingi mno na nyingi hazikuvuka bahari.

Ukitaka bunduki iliyofanana na zile zilizokuwa mikononi mwa askari mwishoni, tafuta ya Kireno. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka Ruvuma, akaishinda ngome ya Ngomano na kuwapa watu wake bunduki za Wareno, maana risasi za Kijerumani zilikuwa zikiisha. Mwaka mmoja kamili baadaye, alipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, nyingi zilikuwa za kutekwa. Bunduki hiyo ya Kireno ndiyo Mauser-Vergueiro ya 1904, milimita 6.5, iliyotengenezwa Berlin na kiwanda cha DWM. Mpini wa komeo lake, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, hupita kwenye mwanya wa chuma cha nyuma, na juu ya chemba kuna taji. Ukiikuta imefupishwa na kutobolewa kwa risasi ya 7.92, ni kazi ya 1939. Hiyo ilibaki mikononi mwa Wareno, haikufika Abercorn.

Kama unaitaka ile ya Amberg kwa thamani yake yenyewe, linganisha namba za mtutu, chemba na komeo. Skrubu ndogo huwa na tarakimu mbili za mwisho. Komeo la bunduki nyingine linaweza kuacha nafasi nyuma ya ganda, na ganda likapasuka, kwa hiyo isipigwe risasi kabla fundi hajapima. Pitisha kitambaa mtutuni, kisha mulika: fataki za zamani huacha chumvi inayovuta unyevu, nayo hutafuna chuma kikawa vishimo. Vishimo haviponi.

Tazama mbao pia. Zikiwa laini mno na chapa zake zimefifia, zimepigwa msasa, na hapo thamani kubwa imekwenda. Wewe usiguse msasa wala rangi; kitambaa na mafuta mepesi ya bunduki vinatosha.

Nitumie picha tatu: juu ya chemba, ubavu wa kushoto, na namba ya komeo. Usilipe arubuni kabla sijazitazama.

Baba yako