Mchirizi wa paa unavuja: usikubali silikoni

SWALI: Nakarabati Peugeot 504 iliyokaa miaka mingi chini ya mkorosho. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kwenye nguzo ya mlango wa mbele mpaka zulia linalowa. Rangi ya kwenye mchirizi wa paa imefura malengelenge. Fundi anataka apige silikoni, kisha puti, kisha rangi. Nimkubalie?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Usimkubalie, ndugu yetu. Mchirizi ni mahali bati la paa linapokutana na bati la ubavuni, yakashikwa kwa nukta za welding. Kinachozuia maji pale ni silanti ya kiwandani iliyolazwa juu ya mshono. Ikizeeka hunywea na kupasuka ufa mwembamba kama unywele. Maji hunyonywa humo, na kwenu pwani yanaingia pamoja na chumvi ya upepo wa bahari. Kutu hufura kati ya mabati mawili, ikayatanua, nukta zikaachia moja moja. Lengelenge ukiliona, kazi imeshafanyika chini muda mrefu.

Silikoni ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula chuma. Rangi nayo haishiki juu yake. Puti hunyonya maji, na kwa ugumu wake hupasuka mlango ukibamizwa.

Ng'oa kwanza urembo wa kromu. Lainisha silanti ya zamani kwa hewa ya moto, ikwangue yote, kisha pitisha brashi ya waya mpaka bati ling'ae. Chokonoa mshono kwa ncha ya bisibisi kila sentimita mbili: ikizama, hapo pameoza, na dawa hazitasaidia. Palipo pazima, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, isuuze kwa maji baridi (ya kisima chenye chumvi hapana!), kausha, paka praima (rangi ya msingi) ya epoksi mikono miwili. Praima ikikauka, laza silanti ya poliyurethani ya bodi za magari, mstari wa milimita 5, uibane kwa kidole chenye glavu iingie kwenye kona. Mrija wa mililita 310 unatoa zaidi ya mita 15, kwa hiyo mmoja unatosha pande zote mbili na unabaki. Silanti hii hukauka kwa unyevu wa hewa, na unyevu Mtwara haukosekani. Hata hivyo iache siku nzima kabla ya rangi.

Ncha za mchirizi, mbele na nyuma, usizizibe hata kidogo. Maji yakikosa njia ya kutokea yatalala humo na kuanza kutafuta ufa mwingine.

SWALI: Mchirizi wangu umeoza sentimita 40 hivi, na mpya haupatikani. Fundi anaweza kuukunja mwenyewe?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Anaweza, kwa bati la milimita 0.8 hadi 1, na asikate urefu wote kwa mara moja. Mchirizi unashikilia umbo la paa. Ukiutoa wote, mlango hautakaa tena. Akate sentimita 20, achomelee, ndipo aendelee, akipima uwazi wa mlango kila hatua. Nukta za zamani azitoboe kwa drili ya milimita 8. Ndani ya mshono apake praima ya zinki inayovumilia welding, kisha ajaze matundu kwa mashine ya MIG (welding ya umeme inayolisha waya), nukta moja kila sentimita 3, akirukaruka ili bati lipoe. Welding ya gesi hapana, paa litapinda. Kabla ya yote toa silingi ya kitambaa na ufungue betri, na mtu asimame karibu na ndoo ya maji na kitambaa kibichi, kwani cheche huangukia viti.

Kujaribu, mwagia maji polepole kwa kopo lenye matundu, ukianzia chini ya mchirizi na kupanda, huku mwenzako akishika karatasi ya chooni kwa ndani. Mahali inapolowa kwanza ndipo pa kurudia.