Karo ya chuo haikurudishii ushuru

Swali: Mimi ni mwalimu na nasomea shahada ya uzamili jioni. Mwaka jana nililipa karo Sh180,000. Kijana wa saiba anayetujazia ritani za ushuru hapa mjini anasema Mamlaka ya Ushuru (KRA) itanirudishia asilimia 30 ya karo, yaani Sh54,000, naye nimpe Sh5,000. Ritani ameshaiwasilisha. Pesa huchukua muda gani kuingia? – *Mwalimu, Kakamega*

Jibu: Mwalimu, usizingoje. Ingia kwenye akaunti yako ya iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, leo uipakue hiyo ritani, maana nadhani najua alichokijaza humo.

Swali hili hunijia kila Juni, tarehe 30 ikikaribia, likiwa limebadilisha nguo tu: leo karo ya uzamili, kesho karo ya mtoto, keshokutwa mkopo wa masomo wa HELB. Sheria ya Ushuru wa Mapato inaihesabu karo unayojilipia kuwa matumizi yako binafsi, kama unga na kodi ya nyumba. HELB nayo hukatwa ushuru ukiwa umeshakokotwa. Pitia fomu yako ya P9, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru wako wa mwaka, safu kwa safu: utaona ya pensheni na ya riba ya mkopo wa nyumba, ya karo hutaiona.

Neno lililozaa balaa hili ni "elimu". Sheria inatoa nafuu ya bima, yaani unapunguziwa ushuru: asilimia 15 ya malipo yako ya bima, isizidi Sh60,000 kwa mwaka, na bima ya elimu imo, mradi iwe ya muda usiopungua miaka 10. Basi mtu akisikia "bima ya elimu" anabaki na "elimu", bima anaiacha njiani. Risiti ya chuo si hati ya bima, hata ikipigwa mihuri mitatu.

Sasa hesabu ya kijana wako. Asilimia 30 ya Sh180,000 ni Sh54,000, sawa. Lakini mfumo hauna mahali pa kuandika karo, kwa hiyo pesa hiyo lazima aitoe kwingine. Asilimia 15 ya Sh360,000 pia ni Sh54,000. Fungua ukurasa wa nafuu ya bima. Hapo panatakiwa PIN ya kampuni ya bima, nambari ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuiva, hata umri wa mtoto. Ukikuta umelipa Sh360,000 kwa bima usiyoijua, umempata. Nimewahi kushika ritani ya kijana asiye na mke wala mtoto, na ndani yake ana mtoto wa miaka sita.

Hawa watu wananichosha. Wanaita ujuzi kile ambacho ni kuandika uongo kwa jina la mtu mwingine, kisha Julai simu zao hazipatikani. KRA ikiomba hati ya bima, haitamwandikia yeye, itakuandikia wewe. Pesa ikiwa imeshakuingia, utairudisha. Ikionekana ulidanganya kwa makusudi, adhabu ni asilimia 75 ya ushuru uliopunjwa. Kwako ni Sh40,500 juu ya zile Sh54,000, na riba ya asilimia moja kila mwezi. Kusema "alinijazia mtu" hakukuokoi.

Mwajiriwa ambaye PAYE yake, yaani ushuru wa mshahara, imekatwa sawasawa kwa kawaida hurudishiwa sifuri. Njia za kupunguza ushuru zipo, ila ni chache na zina mipaka: tangu Desemba 2024 pensheni na riba ya mkopo wa nyumba unayoishi ni hadi Sh30,000 kwa mwezi kila moja, na makato ya bima ya afya (SHIF) na tozo ya nyumba hutolewa kabla ya ushuru kukokotwa. Kwa hiyo anayekuahidi marejesho kabla hajaiona P9 yako, mwondokee. Na anayekujazia ritani kwa nywila anayoijua yeye peke yake, huku barua pepe na simu iliyosajiliwa ikiwa ni yake, amekufungia nje ya nyumba yako. Nimeona walimu wa shule nzima wakiwa wametumia barua pepe moja ya saiba.

Badilisha nywila, hakikisha simu na barua pepe ni zako, kisha wasilisha ritani ya marekebisho uondoe hiyo bima kabla KRA haijakuuliza. Kijana akizifuata Sh5,000 zake, mwambie alete kwanza hati ya bima.