Kadi ya Mwalimu ya Benki Iko Wapi?

Mwezi huu nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, wengine mnisamehe.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa miaka 29, nina ofisi ndogo ya ushauri wa mipango ya fedha hapa Morogoro. Wateja wangu wengi ni walimu na wauguzi wanaokaribia kustaafu. Mwaka huu alikuja mwalimu wa miaka 57. Nilimuuliza siku ya kwanza kama ana deni, akasema hana hata senti. Wiki tatu tukapanga kiinua mgongo chake: sehemu amalizie nyumba, sehemu hati fungani (kuikopesha serikali kwa riba), sehemu vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Siku ya kukamilisha ndipo akasema kuna watu watatu wanamdai, na kadi yake ya benki anayo mmoja wao. Mama, nilijizuia nisiseme kitu, ila nadhani uso ulinisaliti. Hajarudi, na simu hapokei. Nitawafanyaje wateja waniambie ukweli tangu mwanzo? – *Mshauri aliyechoka, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Siku ya kwanza hawatakuambia, na ukilishika hilo nusu ya uchovu wako itaisha.

Kabla sijaingia kwenye mambo ya akiba na mikopo nilikuwa mnasihi, mshauri wa watu wanaokuja kupima VVU. Julai 2007 Rais Kikwete alipima VVU hadharani pale Mnazi Mmoja pamoja na Mama Salma, kampeni ya nchi nzima ikaanza, na kwenye kituo chetu Tanga foleni ikatoka hadi barabarani. Chumba changu kilikuwa na viti viwili na kalenda ya mwaka uliopita. Mtu akiingia anaongea habari za jua, za foleni, za kichwa kinachomgonga tangu juzi. Wakati wote huo anakusoma usoni. Anataka kujua kama humu ndani panasemeka.

Nilipohamia kwenye chama cha akiba na mikopo (SACCOS) cha walimu nilidhani kazi ile nimeiacha. Kumbe nilibadilishiwa fomu tu. Aliyekuwa akijiandaa kusema "nina kausha damu", yaani mkopo wa mtaani wa riba ya kunyonya, alikuwa na uso uleule, na mkono uleule ukisokota pindo la khanga.

Kuna Mmarekani mmoja, mwanasaikolojia Carl Rogers, ambaye mwaka 1957 alieleza masharti ya mtu kubadilika mbele ya mshauri wake. Sisi tulikaririshwa matatu: umwelewe kutokea pale alipo yeye, umpokee bila kumwekea masharti, na usiwe na sura mbili. Tuliyakariri kwa ajili ya mtihani. Mimi niliyaelewa miaka mingi baadaye, nikiwa nimekaa mbele ya mama mmoja mwalimu (nimebadilisha mawili matatu asitambulike) ambaye naye hakuwa na hata senti ya deni.

Nilimwomba taarifa ya benki. Mara ya kwanza tawini kulikuwa na foleni. Mara ya pili mtandao ulikuwa chini. Mara ya tatu nikaweka kalamu mezani, nikafunga na daftari. Nikamwambia, "Mwalimu, naona kila tukifika kwenye benki tunakwama. Tunaweza kupaacha hapo leo." Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na vijana hamuiwezi. Nje muuza maembe alipita akinadi, akaenda, akarudi, bado tumekaa. Ndipo akafungua fundo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa ikakunjika.

Ilikuwa hesabu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Alikopa 500,000. Riba 150,000 kila mwezi, deni lenyewe liko palepale. Miezi minane. Chini kabisa ameandika 1,200,000 na kupigia mistari miwili, na pembeni yake 500,000, bado. Mkopeshaji alikuwa na kadi na namba ya siri. Siku ya mshahara anakwenda kwenye mashine mwenyewe, anachukua chake, anamletea kilichobaki. Akaniambia, "Mimi ndiye ninayefundisha asilimia darasa la sita."

Unaona hapo? Hesabu alikuwa nayo tangu zamani, tena safi kuliko ambayo ningempigia mimi. Alichokosa ni mahali pa kuitua. Ningemwambia riba ya asilimia 30 kwa mwezi ni wizi, ningekuwa nimemfundisha mwalimu somo lake. Nilimwambia tu, "Umeibeba peke yako miezi minane." Akacheka kidogo, cheko la kuishiwa, halafu akaanza kusema. Alisema mpaka adhuhuri.

Sasa nikupe vitu vya kushika mkononi.

Swali la "una deni?" lifute kwenye fomu yako, au lisogeze ukurasa wa mwisho. Lina majibu mawili, na mojawapo ni aibu. Mimi huuliza, "Mshahara ukiingia, nani anaugusa wa kwanza?" Mtu ataanza na makato, ataje ada, kikoba, mama yake kijijini, na deni litajipenyeza humohumo kama mgeni asiyepiga hodi.

"Kwa nini" nayo uiogope. Kwa Kiswahili chetu "kwa nini ulikopa?" ni swali la mwalimu wa zamu mwenye fimbo. Uliza "ilikuwaje?" Anayeulizwa ilikuwaje husimulia. Anayeulizwa kwa nini hujitetea.

Halafu kuna "pole". Najua nitapingwa. Pole ni neno letu zuri, lakini likitoka mapema linafunga mlango. Mtu amefika nusu ya sentensi, "mume wangu alipougua nika...", wewe umeshadaka: "Pole sana mama, Mungu yupo." Basi, yameisha, atakujibu "nimeshapoa" na mtarudi kwenye nyumba na vipande. Liache likae mdomoni mpaka amalize. Badala yake mrudishie alichosema, kwa maneno machache: "Alipougua, mzigo wote ukakuangukia." Akikukosoa ("hapana, wote hapana, shemeji alisaidia") usione umekosea. Hapo mmeanza kufanya kazi pamoja.

Vitabu vya wenzetu vinasema umtazame mteja machoni. Wewe una miaka 29, yeye 57, umkazie macho mama wa watu kama askari wa barabarani? Kaa kwenye pembe ya meza badala ya kumkabili, karatasi iwe katikati yenu, wote mtazame karatasi. Na umsalimie kweli. Shikamoo, za nyumbani, watoto, hali ya hewa ya huko atokako. Wengine huhesabu dakika hizo kuwa hasara. Mimi nasema ukizikata, utazilipa wiki ya tatu, kama ulivyolipa.

Ujue pia kwamba watu wa rika lake hawaji kwako wakiwa karatasi nyeupe. Mwaka 2018 walitangaziwa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, cha asilimia 25 kwa mkupuo, Desemba hiyohiyo Rais Magufuli akakisitisha, Julai 2022 kikaja cha asilimia 33. Kila mara waliokuwa na ramani ya nyumba walilazimika kuikunja. Mwalimu akikukagua mara tatu kabla ya kukuamini, usidhani ni kwa ajili yako.

Kuhusu huyu aliyeondoka. Simu hapokei, basi mtumie ujumbe mmoja, mfupi, usio na neno deni wala kadi. Mwandikie kama hivi: "Shikamoo Mwalimu. Siku ile nilionyesha uso nisioupenda. Naomba radhi. Nafasi yako ipo, hata kama ni kuongea tu." Halafu uache. Usipige mara saba.

Akirudi, weka kando ule mpango mzuri. Hati fungani ya serikali inaanzia milioni 1 na hulipa riba kila miezi sita. Hakuna hati fungani duniani itakayoshindana na mtu anayekata asilimia 30 kwa mwezi. Kwanza kadi. Aende tawini kwake, aizuie, apewe mpya na namba mpya ya siri. Wengi hudhani kufanya hivyo ni kumdhulumu mkopeshaji. Mweleze taratibu kwamba deni linabaki deni, ila mshahara unarudi mkononi mwa mwenyewe. Halafu muulizeni kila mdai leseni yake. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni, na leseni hizo hutolewa na Benki Kuu au waliokasimiwa nayo. Asiye nayo huwa mpole ghafla mkikaa kuongea mbele ya shahidi.

Jambo la mwisho kwako. Kutumia mbinu za unasihi hakukufanyi mnasihi. Siku mteja akikuambia amechoka kuishi, funga mafaili, usimwache peke yake, na umfikishe hospitali ya mkoa au kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Andika namba zao leo ukiwa na akili tulivu, ubandike nyuma ya mlango.

SWALI: Mama, mume na mke ni wateja wetu, wamekuja pamoja. Wiki iliyopita mke alirudi peke yake akaniambia ana kiwanja kimeandikwa jina la kaka yake, nisimwambie mume. Juzi mume kanipigia, ananiuliza kama mke wake ana kitu anachoficha. Nikajibu nina mgeni ofisini, nikakata. Nifanyeje? – *Karani wa SACCOS, Iringa*

JIBU: Huyo mgeni wako wa kuzua atakuja mara ngapi?

Kwenye kupima tulikuwa na kanuni isiyokatwa: majibu ni ya mwenye damu. Mume na mke wakija pamoja tunawauliza kabla, mbele ya wote wawili, kama wanataka kupokea pamoja au kila mtu lake. Wakishachagua ndiyo tunaanza. Wewe hukuuliza, kwa hiyo umebeba siri bila kujua mwenye mkoba ni nani.

Mume mjibu hivi, na kwa mke ungejibu vivyo hivyo: "Mzee, mambo aliyoniambia mtu peke yake simpelekei mwenzake, na yako sitampelekea mama." Hujakubali wala kukanusha. Atanuna siku mbili. Ila amejua kwamba hata yake yamefungiwa, na wanaume wengi wanayo. Sheria nayo iko upande wako. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, taarifa za mteja hazitolewi kama njugu.

Mke naye mwite. Usimhubirie, maana hujui kiwanja kile kimemwokoa na nini. Mwulize, "Kaka akitangulia mbele ya haki, wanawe watasemaje kuhusu kiwanja?" Kaa kimya usikilize. Huenda hilo ndilo lililomleta peke yake, na kule kukuambia "usimwambie mume" kulikuwa namna ya kubisha hodi. Kisha mweleze wazi kwamba huwezi kuandaa mpango wa pamoja wa watu wawili huku umeficha mali ya mmoja. Ama aliseme mwenyewe, wewe ukiwepo kama atapenda, ama kila mmoja apangiwe kivyake. Achague yeye.

SWALI: Shikamoo. Nauza bima na bidhaa za uwekezaji Dar. Bosi wetu ametuletea mafunzo ya kusikiliza wateja, kurudia maneno yao, kugusa hisia zao. Anasema mteja akilia, siku hiyohiyo anasaini. Inafanya kazi kweli, ila nikifika nyumbani silali vizuri. – *Asiyelala, Kinondoni*

JIBU: Marahaba. Usingizi wako una akili kuliko bosi wako.

Lile sharti la kutokuwa na sura mbili ndilo mnalolivunja. Mtu amekufungulia kidonda, wewe unakichungulia kama kuna kamisheni. Mbinu ni zilezile, ndiyo maana zinafanya kazi, na ndiyo maana zinatisha.

Jaribu mambo mawili mwezi huu. Kabla mteja hajaanza kueleza shida zake, mwambie unalipwa vipi: "Ukinunua hii napata asilimia fulani, ile ninapata kidogo zaidi, usiponunua sipati." Itaje kwa tarakimu. Utashangaa wangapi watasogeza kiti karibu. La pili, aliyelia asisaini siku hiyo. Mpe karatasi, aende nazo, alale, azungumze na mtu wake. Kama anaona unampotezea wakati, mwambie ofisi inafunguliwa saa mbili kesho.

Mauzo yatashuka mwezi wa kwanza, sikudanganyi. Andika kwenye daftari lako wangapi walirudi baada ya kulala, na wangapi walikuja na dada zao. Uniletee hesabu hiyo nione.