Wiki sita za kuchua hazimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa tiba ya michezo

SWALI: Nimemaliza sekondari na masomo ya sayansi nimefaulu. Natamani kusomea tiba ya michezo chuo kikuu, lakini kocha wangu anasema napoteza miaka bure. Eti ipo kozi ya wiki sita ya kuchua misuli na kufunga bandeji, na nikishapata cheti naweza kuhudumia timu yoyote. Tofauti ni nini hasa?

JIBU: Swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara anayemkatisha tamaa kijana ni mtu wa michezo mwenyewe. Hilo linaniudhi. Kocha wako ameona mikono ikichua na kufunga, akadhani kazi yote ndiyo hiyo. Kufunga bandeji naweza kukufundisha mchana mmoja. Kinachokula miaka ni kujua nani asiguswe.

Chukua kifundo cha mguu kilichoteguka. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa mwaka 1992 kanuni tunayoitumia mpaka leo: bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, sentimita 6 za chini, upande wa ndani na wa nje, kisha mifupa miwili ya wayo. Mfupa wenyewe ukiuma, au majeruhi akishindwa kupiga hatua nne, aende kupigwa eksirei. Nimewahi kuletewa binti aliyechuliwa kwa mafuta ya moto siku tatu mfululizo na mtu aliyejiita daktari wa timu. Mfupa ulikuwa umevunjika. Siku tatu alikuwa akilia, na akiambiwa avumilie.

Au mchezaji ameanguka kwenye jua kali, anaropoka, hajui yuko wapi. Mwenye cheti cha wiki sita atammwagia maji kichwani huku akingoja gari. Aliyesoma atapima joto la ndani kupitia njia ya haja kubwa, maana ngozi na kinywa hudanganya. Likipita nyuzi 40, atamtumbukiza kwenye pipa la maji ya barafu palepale uwanjani, na hatamruhusu kuondoka mpaka lishuke karibu na nyuzi 39. Tunapoza kwanza, tunasafirisha baadaye, na tuna nusu saa tu kabla viungo vya ndani havijaanza kuharibika.

Marekani, ambako taaluma hii imekomaa, chama cha madaktari kiliitambua kama taaluma ya afya mwaka 1990. Zamani hata kwao mtu aliweza kufikia mtihani wa bodi inayothibitisha wataalamu hawa kwa kuhesabu saa alizofanya kazi chini ya mzoefu. Njia hiyo waliifunga mwaka 2004, na sasa anayeanza masomo hayo anasomea shahada ya uzamili. Januari 2023 moyo wa Damar Hamlin, mchezaji wa Buffalo Bills, timu ya mpira wa Kimarekani, uliposimama katikati ya mechi, aliyeanza kumkandamiza kifua ni Denny Kellington, mtaalamu wa tiba ya michezo wa timu hiyo. Hamlin alipona, akarudi kucheza.

Kwa hiyo nenda chuo kikuu. Ukifika kwenye udahili, uliza kama programu imeidhinishwa, na nani atakusimamia ukianza kushika wagonjwa. Anatomia ya mwanzo ni ngumu, jiandae.

Lakini kozi fupi si ndizo zinazonikosesha usingizi peke yake. Zipo timu za watoto ambazo mwenye chupa ya dawa ya kupulizia ndiye anayeamua nani arudi uwanjani. Mtoto amegongana vichwa na mwenzake, anaulizwa “uko sawa?”, anaitikia, anarudishwa. Atasema yuko sawa, kwa sababu anataka kucheza! Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kusahau matokeo, kujibu polepole, na nyingine hujitokeza saa kadhaa baadaye. Akigongwa tena kabla ubongo haujapona, uvimbe unaweza kumuua.

Wazazi, manahodha na makocha, kanuni hapa haina mjadala: anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hachezi tena siku hiyo, hata kama ni fainali, hata kama imebaki dakika moja. Akilalamika shingo au ganzi miguuni, msimwinue wala kumgeuza. Shikeni kichwa chake kisitikisike mpaka wahudumu wa dharura wafike. Na yeyote atakayekimbilia kumvuta shingo “airudishe mahali pake”, mwondoeni uwanjani kabla hajamgusa.