Wa kucheza naye tenisi Nairobi

Ndugu, umeuliza mgeni asiye mwanachama wa klabu atacheza tenisi wapi Nairobi, na nani. Viwanja vipo: Nairobi Club, Parklands Sports Club, Public Service Club. Ila usianze kwa kuuliza ada ya uanachama, utakata tamaa mapema. Nenda jioni ukaongee na vijana wanaofagia viwanja vya udongo na kuokota mipira. Wao ndio wanaojua nani kakosa mwenzake leo, na baadhi yao wanawachapa wenye kadi bila jasho. Mlipe mmoja mcheze kwa saa moja. Wanachama wakiona unarudisha mipira, hawatakawia kukualika. Raba ziwe za tenisi. Za kukimbilia zenye meno makubwa zinachimba udongo, utatolewa uwanjani.